Neno la Kirumi Kwenye Barua ya Kiwanda

Mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi alijua Kiingereza, ndiyo maana namtaja wa kwanza. Barua aliiandika meneja, lakini aliyetudanganya ni yeye. Kila mfumaji wa kiwanda chetu cha nguo pale Mwanza alipewa yake, na ndani mlikuwa na neno moja tusilolijua: redundant.

"Maana yake mmepumzishwa kidogo," alisema mwenyekiti. "Kesho mje mtie dole gumba. Mwekezaji akifika mtarudi."

Mimi niliishia darasa la nne, ila uongo naujua. Nikaenda Mkolani kwa fundi cherehani mmoja mzee, aliyewahi kusomea upadre akaacha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo neno Waingereza wamelirithi tu," alisema baada ya kuisoma barua. "Babu yake ni Kilatini, lugha ya Warumi, na ndani yake kuna wimbi. Lilisemwa juu ya maji yaliyojaa mpaka yakamwagika. Baadaye wakaanza kuwaita hivyo watu: waliozidi, wasiohitajika."

"Kwa hiyo sisi ni maji ya kumwaga?"

"Wamesema wao, mama. Mimi nashona suruali."

"Na kurudishwa kumeandikwa wapi?"

"Hakuna. Hapa chini wanasema kesho mtathibitisha kwamba mmeondoka kwa hiari."

Nimezaliwa Pasiansi, kando ya ziwa. Ziwa likijaa, maji yanaingia jikoni bila hodi. Nikasema haya, kama sisi ni maji, tuone.

Asubuhi getini mwenyekiti alisimama na tai shingoni, karatasi zake na kidau cha wino mkononi, walinzi pembeni. Kwa kelele za mitambo, sisi wafumaji tulikuwa tumezoea kusemezana kwa mikono. Yeye alikuwa karani wa ofisini, hakuijua lugha hiyo. Akiwa anasoma, nikainua mikono nikaikutanisha kama msalaba: uzi umekatika, simamisha mtambo. Wa mbele akampa wa nyuma, ishara ikafika mwisho wa mstari.

"Haya, nani anaanza?"

Nikainua mikono tena.

"Wewe mama, mbona unapunga mikono? Unafukuza mbu?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Tena mkubwa, ana tai."

Watu wakacheka mpaka walinzi. Hakuna aliyetia dole.

Kiwanda hakikufunguliwa tena, sikatai. Mwekezaji alikuja, akakigeuza ghala. Lakini karatasi za hiari zilirudi ofisini bila alama hata moja, na barua yangu ninayo sandukuni hadi leo. Anayesema tuliondoka wenyewe, namwonyesha lile neno. Tulimwagwa, na waliotumwaga nawajua.