Filimbi ya Kumtuliza Tata

Sisi tuliokulia Mabira miaka ile hatukuhitaji saa ukutani. Asubuhi tuliamshwa na moshi wa jikoni na harufu ya ndizi za kuchoma. Shuleni tuliitwa na rimu kuukuu ya gari iliyogongwa kwa chuma, na ole wako ufike mstarini huna ufagio wala kuni. Jioni tulirudishwa nyumbani na filimbi.

Kila mwenye ng'ombe alikuwa na filimbi yake ya mti, na kila filimbi ilikuwa na sauti yake. Ya kwetu ilikuwa nene kidogo, kama mtu anayeongea huku ana usingizi. Kaka yangu Justinian alianza kuipuliza akiwa bado ng'ambo ya kilima, na hapo kila mtu nyumbani alijua kazi yake. Mama alichochea moto. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikwenda kufungua lango la zizi. Sisi wadogo tuliacha kuteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, tukakimbia kunawa miguu kabla hatujachapwa. Ng'ombe wakishaingia wote, Bihogo mwekundu akiwa mbele na pembe zake kama mikono ya mtu anayeomba, Justinian alipiga kipande kingine kifupi, cha kushuka taratibu. Maana yake: wote wamo. Tata hakuketi kabla ya kusikia kipande kile, hata mvua iwe inanyesha. Akishakisikia, alisema, "Funga lango," kisha akaomba maziwa yake.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa. "Mdomo wa msichana ni wa kuimba," mama alisema, "kupuliza waachie wenye mbavu ngumu." Basi niliimba.

Maisha yalikwenda. Ng'ombe waliuzwa, wengine kutusomesha, wengine kumtibu mama ambaye hata hivyo hakupona. Justinian alihamia Mwanza. Ile filimbi ilipotelea wapi, hakuna anayejua. Kitu kikiwa kipo kila siku hakuna anayekitazama. Nami nilipostaafu kazi ya ualimu nilirudi Mabira kukaa na Tata, ambaye alikuwa ameanza ugonjwa wa kusahau.

Mchana alikuwa mtulivu, anakaa juani na fimbo yake. Shida ilikuwa jua linapoinama. Alisimama, akavaa kofia, akaelekea langoni.

"Tata, unakwenda wapi?"

"Ng'ombe hawajarudi."

"Ng'ombe tuliuza, Tata."

Alinitazama kama mtu aliyekutana na mwizi. "Nani aliuza?"

Ukimshika mkono alipiga kelele. Ukigeuka kutazama sufuria, hayupo. Jioni moja kijana wa bodaboda alimrudisha akiwa amelowa hadi magotini. Alimkuta kwenye majani marefu karibu na mto, anamwita Bihogo. Tangu siku hiyo sikula chakula cha jioni kwa amani. Nilikula nimeugeukia mlango.

Nilipomweleza Justinian kwa simu, alisema, "Dada, hajasikia filimbi. Atakaaje?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipofikiri niliona ni kweli tupu.

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza nilimwomba kijana wa jirani atafute sauti ya filimbi kwenye simu yake. Alipata, akaifungulia kwa nguvu. Tata aliuliza ni redio ya nani inayopiga kelele, akaendelea na safari yake. Nikaenda Kayanga sokoni. Muuzaji wa kwanza alinipa filimbi ya refa. Wa pili alinipa ya plastiki, rangi ya waridi. Wa tatu alikuwa nayo ya mti, imepakwa rangi na kuchorwa twiga; nilipoipuliza ilitoa upepo kama tairi lililotobolewa. Vijana wa siku hizi bwana! Nilipomweleza mmoja kwamba naitaka ya kuchungia ng'ombe, aliniuliza kwa huruma kabisa kama ng'ombe wenyewe wameshaizoea.

Mwanamke mmoja muuza maharage ndiye aliyeniambia kwamba Kaisho kuna fundi anaitwa Anatoli, anayechonga vyombo vya maziwa na filimbi. Kesho yake nikapanda bodaboda.

Nilimkuta chini ya paa la jiko lake, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alifuta mikono, akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikamweleza ninachotaka.

"Unaitaka ya kupuliza au ya kutundika ukutani?"

"Ya kupuliza. Tena iwe na sauti nene."

Alinishushia kadhaa kutoka darini juu ya moto, mahali zinapokaushwa polepole zisije kupasuka. Nyeusi za moshi, zinang'aa kwa samli. Alinifundisha kuitazama kwanza kwa ndani dhidi ya mwanga, kama tundu limenyooka. Kisha kupitisha kidole kwenye matobo, aliyoyatoboa kwa chuma cha moto, kama hayana makwaruzo. "Halafu pumua tu," alisema. "Filimbi nzuri haitaki nguvu. Ikikulazimisha kufura mashavu, irudishe."

Ya kwanza ilikuwa kali mno. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu niliipulizia pumzi kidogo tu, na ile sauti ya usingizi ikatoka. Nilikuwa binti mdogo tena, miguu ina matope, nasikia harufu ya ng'ombe waliolowa. Anatoli akaniuliza kama naumwa.

"Hapana," nikamwambia. "Funga hiyo hiyo."

Sasa kazi ikawa kupiga. Justinian alinifundisha kwa simu, yeye anaimba "tii-ri-ri" huko Mwanza, mimi natafuta matobo migombani nisionekane na majirani. Nilipopata vipande vyote viwili kwa shida, nilisubiri jioni.

Jua likainama. Tata akavaa kofia, akafika langoni. Nikaenda nyuma ya nyumba na kupuliza kile cha kwanza. Nilikosea, nikarudia. Kisha kile cha kushuka, taratibu. Nilipochungulia, alikuwa amesimama, ameinua kichwa.

Nikamsogelea. Aliniuliza, "Bihogo ameingia?"

"Ameingia, Tata."

"Wote?"

"Wote."

Akashusha pumzi ndefu, nami nikashusha yangu. "Basi funga lango," alisema. Alipokuwa akiketi, akaongeza, "Lakini Justinian leo anapiga vibaya. Ana nini? Meno yamemtoka?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. Sijui kipi kilianza.

Tangu hapo tunaishi hivyo. Kuna siku anakwenda hadi langoni na kurudi, lakini mtoni hajafika tena.

Zamani jua lilipozama, kila kilima cha Mabira kilikuwa na mpulizaji wake, na mtoto aliyelelewa vizuri aliweza kukuambia ni ng'ombe wa nani wanaopita bila kuinua macho kwenye sahani. Siku hizi jioni nasikia televisheni, pikipiki, na simu zinazolia nyimbo za watu wa mbali. Sizilaumu, hata mimi wimbo nilifundishwa kwa simu. Ila nikipuliza, sisikii wa kunijibu kutoka ng'ambo, na hapo ndipo moyo huniuma kidogo. Kisha nasikia Tata anakoroma ndani, namimina chai, na naketi kuinywa nimeupa mlango mgongo.