Goli Lililofungwa Chifu Akiketi

Agya Amponsem alipofuka macho akiwa na miaka arobaini, hakuacha kushona viatu wala kufuatilia mpira. Viatu alivishona kwa kupapasa. Mpira aliuona kwa mdomo wa Mwalimu Boahene, mtangazaji wa redio aliyekuwa akisema mpira uko wapi, uko kwa nani, na beki gani anakuja. Mzee alikaa kibandani kwake, mtaa wa Asafo, sindano mkononi, akauona uwanja mzima wa Kumasi.

Boahene alipokufa wakamleta Aprannaa. Jina hilo maana yake radi, na alijipa mwenyewe. Kwa huyu mpira ni kisingizio tu. Anapiga kelele tangu filimbi ya kwanza, anauza dawa ya tumbo watu wanapopiga kona, anasalimia wakwe zake. Na watu wanampenda kufa. Nenda kwa Maame Dufie, muuza fufu, utawakuta wanaume wazima wameacha mchuzi upoe, wanasubiri leo atamsema nani. Agya Amponsem alikuwa akimsikia anaona kinyaa, hata chakula hakishuki.

Jumapili ile hakuwa na pa kukimbilia. Serwaa, mjukuu aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa anacheza fainali ya kombe la wanawake, na redio iliyotangaza mechi ilikuwa moja tu. Viatu vya Serwaa vya mpira, mzee alikuwa amevishona upya yeye mwenyewe. Alitaka kumwona mtoto huyo akicheza, basi. Akaketi bandani kwa Maame Dufie pamoja na majirani.

"Namba saba huyo, Serwaa!" Aprannaa akabweka redioni. "Jamani, zile nywele! Kasukwa na nani, adui yake?"

Banda zima likaangua kicheko. Opoku, dereva wa lori, akapiga meza. "Huyu jamaa ataniua."

"Mpira uko wapi?" Agya aliuliza.

"Tulia, mzee wangu. Utamu uko kwenye maneno."

"Maneno ninayo nyumbani. Nimeuliza mpira."

"Agya, kula basi," alisema Maame Dufie. "Fufu inakauka."

Hakula. Dakika ya themanini, bado sufuri kwa sufuri, redioni zikasikika ngoma. Chifu mmoja alikuwa anaingia uwanjani chini ya mwavuli wake, na Aprannaa akautupa mpira hapo hapo. Akaanza kumsifu chifu: mvunja ngome, mjukuu wa tembo, mti usiokwewa na mtoto. Sifa za chifu hazikatizwi katikati, na Aprannaa alizijua zote mpaka za babu wa babu. Walaji wakasimama, wakaitikia kila jina mikono ikidondosha mchuzi. Nyuma ya sauti yake uwanja ukalipuka kwa shangwe. Aprannaa hakusita. Aliendelea mpaka chifu akaketi.

"Ehee, kumbe tumepata goli!" akasema. "Nani kafunga? Ah, ndugu zangu, goli ni goli. Mpeni heshima Nana, chifu wetu!"

Watu wakakumbatiana.

"Nani kafunga?" Agya aliuliza. Akauliza tena.

"Si umesikia, mzee? Goli ni goli."

Akalisukuma lile bakuli. Miaka yote ile hakuwahi kuwachukia majirani zake, lakini siku hiyo aliwachukia.

Jua lilipokaribia kutua Serwaa aliingia pekupeku, medali shingoni, viatu mkononi.

"Babu, umelisikia goli langu?"

"Nimemsikia chifu akikaa."

Serwaa akacheka, akamwekea viatu mapajani. Opoku na wenzake wakamdai asimulie, naye akapanda kwenye benchi. Agya akainua uso kumsikiliza.

"Radi imepiga!" Serwaa alianza, kwa sauti ile ile ya Aprannaa. "Binti wa Asafo, mjukuu wa tembo! Kipa analia, anamwita mama yake!"

Wakashangilia, wengine wakijifuta machozi. Mzee akangoja mpaka mwisho.

"Kwa mguu gani?" aliuliza.

Serwaa hakumsikia, alikuwa anaombwa arudie. Basi Agya Amponsem akavipapasa viatu, kimoja kimoja. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto, penye ncha ya dole gumba, uzi wake ulikuwa umekatika.

"Wa kushoto," alisema, akatoa sindano mfukoni.