Matobolwa ya Kisiwani

Mwandishi anayetafuta sifa za bure asipite Lalago kwa Eufrasia, atatoka mikono mitupu. Eufrasia ni mkulima wa pamba, aliolewa pale akitokea Migato, na elimu yake ni darasa la saba. Lakini mpe riwaya uone. Anazihukumu kama wakulima wanavyohukumu pamba kabla ya kuipeleka kituoni: nyeupe isiyo na doa ni safi, iliyoingia madoa ni fifi. Riwaya alizozipa safi ni chache. Zilizobaki zote ni fifi, na jina la mwandishi liwe kubwa namna gani halimtishi.

Anayezijua vizuri hukumu hizo ni Scola, jirani na rafiki yake, kwa kuwa amebishana nazo tangu wote wawili wakiwa wake wageni pale kijijini. Msimu wa mavuno walikaa pamoja juu ya turubai wakichambua pamba, mikono ikifanya kazi yake na midomo yake. Kitabu kilikuwa kimoja siku zote, wakipokezana, na aliyetangulia kusoma alikatazwa kufungua mdomo mpaka mwenzake amalize. Scola ni mtu wa mapenzi. Anataka wapendanao waoane, wabaya waumbuke, naye apate mahali pa kulia kidogo. Eufrasia anataka ukweli.

"Yule bwana harusi," alisema siku moja, "tunaambiwa ni fukara, hana mbele wala nyuma. Tukifika sura ya nne anatoa mahari ng'ombe ishirini. Kawatoa wapi?"

"Mayu, hiyo si ni hadithi tu," Scola akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hadithi ndiyo, lakini ng'ombe ni ng'ombe. Kama kawaiba, mwandishi aseme kawaiba, nimwelewe."

Scola alicheka hadi pamba safi na fifi zikachanganyika, ikabidi waanze upya. Kesho yake akaipitia tena ile sura ya nne, akaona ni kweli, wale ng'ombe hawana walikotoka. Toka siku hiyo hajawahi kusoma mahari ya mtu yeyote bila kujiuliza. Alikasirika kidogo kuharibiwa ile ndoa, ila zaidi alimstaajabia rafiki yake. Alijiuliza mtu anapata wapi macho ya namna hiyo.

Basi hayo macho ndiyo yaliyokwenda. Kwanza Eufrasia akawa hawaoni watu wanaomjia kwa pembeni, kisha herufi zikaanza kumkimbia. Hospitali wakasema ni presha ya macho, dawa ya matone inalinda kilichobaki, ila kilichokwisha kuondoka hakirudi. Hakulia. Aliuliza neno moja tu, "Kusoma?", na daktari akainamia karatasi zake.

Mwanawe Kija, fundi pikipiki Bariadi mjini, akamwekea kwenye simu hadithi za kusikiliza. Eufrasia akazijaribu siku mbili, akairudisha simu. Alisema yule msomaji anasoma kama anatangaza matokeo ya uchaguzi, hata wawili wakibusiana utadhani wanahesabiwa kura.

Ndipo Scola aliposema, "Nitakusomea mimi."

"Sawa. Ila usome kilichoandikwa. Ukinirukia hata mstari, nitajua."

Scola akaahidi. Ahadi ilikuwa nyepesi siku ile.

Lazima niseme na jambo jingine hapa, maana bila hilo mengine hayana uzito. Kija si mtoto wa kwanza wa Eufrasia. Wa kwanza alikuwa Elina, aliyechukuliwa na homa akiwa darasa la tatu. Kabla ya msiba Eufrasia aliitwa Mama Elina. Baada ya matanga watu wakaanza kumwita Mama Kija, mmoja leo, mwingine kesho, bila kuagizwa na mtu, wakidhani wanampunguzia mzigo. Scola naye alifuata. Katika ubishi wao wote juu ya watoto wa vitabuni, mtoto yule hakutajwa hata siku moja, na Scola aliamini kwamba ukimya huo ndio urafiki.

Mwaka huu Kija akaleta kitabu alichokinunua gulioni, kimetumika mpaka jalada limedondoka. Jina lake halikujulikana, wala la aliyekiandika. Ni habari za familia moja ya kisiwani huko pwani, mama na baba na binti yao Raya. Mwandishi mwenyewe ni mtu asiye na haraka. Alitumia kurasa mbili nzima kumvusha mbuzi barabara, na Eufrasia alimlalamikia mbuzi yule wiki nzima, huku akikataa kabisa kitabu kisomwe na Scola bila yeye.

Jioni moja Scola alifika akapiga salamu ya jioni, "mwadila", akaitikiwa, akakaa mkekani. Eufrasia alikuwa anabangua karanga, kazi isiyodai macho. Raya alikuwa ameanza homa tangu jana yake. Scola akafungua, na kama kawaida ya msomaji wa sauti, macho yakatangulia mbele ya ulimi. Akaona kinachokuja chini ya ukurasa. Mtoto anakufa.

Akamtazama mwenzake aliyekaa na karanga zake, uso ameuinua kumsikiliza, na huruma ikamzidi nguvu. Akaendelea kusoma bila kusita, ila sasa alisoma kisichokuwepo.

"Alfajiri homa ikashuka. Raya akaketi kitandani, akasema ana njaa. Mama yake akampa matobolwa na karanga, akala akamaliza. Baba yake akachinja mbuzi, majirani wakaitwa, watu wakafurahi."

Akajisifu moyoni. Mtoto amepona, na hata yule mbuzi amepata kazi.

Eufrasia aliacha kubangua. "Hawa watu si wanakaa kisiwani?"

"Ndiyo."

"Huko kisiwani wanakula matobolwa?"

Scola akaona alipojikwaa. Viazi vya kuchemsha na kuanika, chakula cha kwao, alichompa kila mtoto aliyewahi kuugua nyumbani mwake, amekipeleka mpaka baharini. "Labda waliletewa," akasema.

"Na nani, Scola? Mjomba wao yuko huku kwetu Maswa?"

Wakacheka wote wawili, na Scola akadhani yamekwisha. Lakini Eufrasia alikuwa ameshatulia.

"Mtu huyu alimvusha mbuzi kurasa mbili. Leo mtoto amwamshe kwa mstari mmoja? Mkono huu si wake. Mtoto amekufa, sivyo?"

"Amekufa, mayu."

Eufrasia akasema bila kupandisha sauti, "Macho yamekwenda na sina la kufanya. Nimebakiwa na kuambiwa. Kama na wewe utaanza kunichagulia cha kuambiwa, basi hapo ndipo nitakuwa kipofu. Afadhali tubangue karanga tu, vitabu tuviache."

Scola aliogopa. Hakuogopa hasira, aliogopa jioni zote zijazo bila sauti ile ikimuuliza ng'ombe wametoka wapi. Akakirudia kitabu, akatafuta mahali alipouacha ukweli, akausoma.

Raya alikufa kabla hakujapambazuka. Mama yake hakupiga ukunga. Aliona mtungi hauna maji, akachukua ndoo akaenda kisimani. Njiani akakutana na jirani, akasalimiwa habari za asubuhi, akajibu nzuri, akauliza na za watoto. Mwandishi akamrudisha nyumbani hatua kwa hatua, na ndoo kichwani, kurasa mbili nzima.

Machozi yalikuwa yakimtoka Eufrasia naye hayafuti.

"Rudia pale aliposalimiwa," akasema.

Scola akarudia.

"Huyu mtu anajua. Siku aliyokufa Elina nilitoka kwenda kuwafungulia ndama. Mama mmoja akapita, akaniambia mwangaluka, nikamwitikia vizuri kabisa, nikamuuliza na mvua za kwao. Mtoto yuko ndani amelala vile. Miaka yote hii, Scola, nimejiona mimi ni mama wa ajabu, sina moyo. Kumbe kuna mwingine."

Scola akakilaza kitabu mapajani. Walikuwa wamekaa pamoja juu ya pamba misimu yote ile, na mzigo huu ulikuwepo katikati yao umefunikwa, na yeye akiwa mmoja wa waliosaidia kuufunika. Jioni ile alikuwa karibu kuufunika tena kwa matobolwa.

Eufrasia akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye karanga zake.

"Kwa hiyo ni safi?" Scola akamuuliza.

"Safi. Ila yule mbuzi wa mwanzoni simsamehe. Kwa ndoo ya maji kurasa mbili ni haki. Mbuzi alitosha nusu."

Scola akafungua ukurasa unaofuata, akausogeza kwenye mwanga uliobaki.

"Mama Elina," akasema, "niendelee?"

Mikono ya Eufrasia ilisimama juu ya ungo. "Endelea," akasema.