Jirani wa Marimba na Barua Niliyompelekea Mjumbe

Wiki iliyopita kundi la mtaa wetu kwenye simu lilileta habari tatu kwa mpigo: maji hayatatoka Alhamisi, kuna mtu anauza kitanda, na jirani yangu wa ukuta wa kushoto, hapa Mbagala, amefariki. Mwenye kitanda alipata majibu kabla marehemu hajaombewa dua. Najua mwenyewe angecheka mpaka ashike mbavu. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na aliniudhi kwa muziki wake mpaka nikamshtaki.

Muziki wenyewe ulikuwa wa marimba. Si zile ndogo za kushika mkononi na kubonyeza kwa dole gumba, bali safu ya mbao zilizolazwa juu ya fremu, unazigonga kwa vijiti vyenye vichwa vya mpira. Kaka zake, wachonga vinyago waliotoka kusini, walimtengenezea mbili. Aliwahi kuusikia muziki wa namna hiyo redioni, akiwa kazini, na alipostaafu akakusanya wenzake watatu: nesi, fundi viatu na mwalimu wa kwaya. Kila alasiri walisimama uani kwake, wawili wawili kwa kila marimba, wakagonga sauti tano. Zilezile tano, dakika kumi, dakika ishirini, hakuna wimbo, hakuna kiitikio. Wiki yangu ya kwanza nilidhani wanajifunza na wamekwama, nikaenda kumfariji.

"Shikamoo mama. Hicho kipande naona kinawasumbua."

"Marahaba. Hakitusumbui, ndivyo kilivyo."

"Sasa kinaishaga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro robo," akanijibu, na kufunga geti.

Mimi naishi kwa kuandika, na kichwa changu hufanya kazi alasiri. Nikaandika barua ya malalamiko kwa mjumbe wetu, kurasa mbili zilizojaa hasira na Kiswahili kizuri. Nilimwita "mwanamke anayepigilia misumari kwenye ubongo wa mtaa". Mjumbe, mtu makini kupita kiasi, akaitisha kikao Jumamosi asubuhi uani kwa mama huyo, akaisoma barua yote mbele ya majirani, kisha akasema hawezi kuamua kesi ya kelele bila kuzisikia. Wakaanza kupiga.

Dakika tano za mwanzo watu walinitazama kwa huruma. Kijana wa bodaboda akasema, "Hii ni singeli iliyoishiwa chaji," tukacheka. Mama aliendelea kugonga, uso mkavu kama anachapa hukumu. Kisha muuza chapati akainua mkono ghafla: "Imebadilika! Mmesikia? Ile sauti ya mwisho imetoka!" Kijana wa bodaboda akabisha, akasema ni ya pili ndiyo iliyotoka. Mjumbe akawanyamazisha, akasogeza kiti chake mbele. Mkono wa nesi ulikuwa umechelewa kidogo nyuma ya mkono wa mama, sauti zikapishana, na katikati yao nikasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiupiga. Nywele zilinisimama. Walipomaliza, mjumbe aliniuliza, "Mlalamikaji, una la kuongeza?" Nilikuwa nalo, lakini nilikuwa na kurasa mbili za kiburi zinanitazama. Nikasema, "Naomba wapunguze siku." Wakapewa siku nne kwa wiki. Mama akasaini bila kuniangalia.

Niwaambie ukweli wasomaji wangu, siku tatu zilizobaki bila muziki zikawa mateso. Siku za muziki niliacha kuandika, nikakaa dirishani kuwinda pale sauti moja inapotoka na nyingine kuingia. Nilianza kusikia mambo ambayo masikio yangu yalikuwa yakiyaruka maisha yote, maana katika mji huu kila kitu kinakupigia kelele ukisikie, na wewe unazoea kusikia kinachopiga kelele tu. Mwaka jana mama alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Wenzake wakamwekea kiti, akawa anagonga ubao mmoja kwa mkono wa kushoto, na wao wakaupanga muziki wote kuuzunguka ubao huo. Sijasikia kitu kizuri kama hicho. Tulikutana getini mara nyingi. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza hali ya mkono, nikaenda zangu.

Msibani wakaniomba nizungumze kwa niaba ya majirani. Nikasimama na kueleza, kwa ufasaha wa kutosha, jinsi nilivyoupenda muziki wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipoketi, yule nesi akaniinamia.

"Kumbe ulikuwa unaupenda?"

"Sana."

"Sie hatukujua. Na yeye hakujua. Mpaka anakufa alikuwa anakuita yule wa barua."

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi nikijiona bingwa wa kusema yanayonikera, na yananitoka bila taabu, yakiwa na mhuri na nakala. La kupendeza nililinyamazia, nikijidanganya kwamba linajulikana. Basi kama kuna mtu amekufurahisha nawe umekaa kimya, acha gazeti hili hapo ulipo uende ukamwambie. Nami sitanung'unika ukiishia hapa.