Maji Yaliyokataa Kuwaka

Enzi zetu huko Midia, karibu na Koboko, mtoto hakungoja shule imfundishe sayansi; aliikuta inachemka nyuma ya jiko. Mama yangu alipika arege, ile pombe kali ya muhogo, na nyinyi mliokulia Koboko mnaujua mtambo wenyewe: pipa juu ya kuni, bomba la shaba linapita kwenye maji baridi, na kila tundu limezibwa kwa unga wa muhogo uliokandwa, hata jini asingepenya. Nilijua kugeuza mvuke kuwa matone kabla sijajua kufunga vifungo vya sare. Watoto wa leo wanajua kufungua simu. Haya, hongera zao.

Nyumbani kulikuwa na sheria moja. Matone ya kwanza yakishuka, mama aliyamimina kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukiruka, anacheka. Usiporuka, anasema, "Hii haina kitu. Mwaga!" Nami nilimwaga.

Basi tulipofika darasa la sita, Mwalimu Lomoro, mtu mrefu kiasi kwamba akiinama kuokota chaki kipindi kinaisha, alitangaza habari. Shule moja ya Mvara, kule Arua mjini, ilikuwa imeomba mwanafunzi wa kuwaonyesha watoto wa madarasa ya chini jinsi ya kutoa maji safi kwenye maji ya chumvi. Mmoja tu. Arua! Mimi hata Koboko mjini nilikuwa nimefika mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nafukuza mbuzi.

Mchujo ukafanyika, tukabaki wawili: mimi na Keji, binti wa dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Keji alikuwa na viatu, soksi, na chupa za dawa za kioo. Alinukia sabuni hata kwenye vumbi. Nilimwonea wivu hata harufu ile.

"Poni, wewe umeleta nini?" aliniuliza siku ya majaribio.

"Nimeleta akili."

"Na akili yako iko ndani ya gunia?"

Darasa zima likacheka, maana kweli nilikuwa nimebeba vitu vyangu kwenye gunia la muhogo: birika kuukuu, kikonyo cha jani la mpapai, chupa ya soda na donge la unga. Mnakikumbuka kikonyo cha mpapai, kilivyo na tundu katikati? Nilichomeka ncha moja kwenye mdomo wa birika, nyingine kwenye chupa iliyokaa ndani ya beseni la maji baridi, nikaziba pote kwa unga, nikachemsha maji ya chumvi tuliyopewa. Mwalimu aliitwa ofisini, akasema akirudi atakagua. Keji bado alikuwa anapigana na bomba lake la mpira linalovuja mvuke, mimi nina robo chupa. Niliiona Arua mbele yangu, pamoja na barabara zake.

Nikamimina kidogo kwenye kifuniko, nikawasha njiti. Tsss. Nyingine. Tsss. Njiti sita! Nikasikia sauti ya mama: haina kitu. Nikaimwaga chupa nzima dirishani ili nianze upya.

Hapo hapo mwalimu akaingia. Chupa yangu tupu; ya Keji ina vijiko viwili. Akachovya kidole, akaonja. "Chumvi haina. Keji, wewe utaenda."

"Yangu ilikuwa nyingi, mwalimu! Lakini ilikataa kuwaka!"

Alinitazama. "Poni, maji yalianza lini kuwaka?" Akacheka mpaka akalazimika kuketi, na kwake kuketi ilikuwa safari ndefu.

Nyumbani nilimweleza mama huku nalia. Yeye hakucheka. "Ulipata kiasi gani?"

"Robo chupa."

"Mutoto wangu, basi fundi ni wewe." Lakini Arua alikwenda Keji, na muhula mzima tulikula hadithi zake: mifereji ya maji ndani ya darasa, vioo vya maabara vilivyopinda kama shingo ya bata. "Wee Poni, ungeona!" Nilitamani apoteze sauti.

Sayansi nilikuja kuifaulu ukubwani, kwenye masomo ya jioni hapa Arua, na watoto watatu wakinisubiri nyumbani. Juzi mwalimu wa binti yangu, hapo Mvara, aliniita nimsaidie kuwapangia watoto wa darasa la tatu jaribio lile lile. Jamani! Kila mtoto na kioo chake. Msichana mmoja alivunja chake, mwalimu akamwambia, "Pole mama, chukua ingine." Mimi ningevunja kile enzi zile, ningevuka mpaka usiku huo huo; leo ningekuwa raia wa Kongo.

Matone yakaanza kushuka, wakapiga miayo. "Ni maji tu?" mmoja aliuliza. Maji tu! Sisi tulikuwa darasa zima kwa nafasi moja, tukichemshia birika kuukuu, na tone moja lilitukosesha pumzi. Hawa wana kila kitu, na mwalimu anawapigia makofi wote. Niliwaonea wivu, mwanamke mzima, nikijifanya napangusa meza.

Mwisho mwalimu aliuliza nani anataka kurudia jaribio. Watoto wote walikimbilia mpira uwanjani. Mkono mmoja ulibaki juu, na ulikuwa wangu.