Mikono ya Yule Aliyepoteza Mbuzi

Nianze na jasho. Binti yangu alikuwa akinyonya anatokwa na jasho kama mtu anayelima, kichwa chote kinalowa, halafu anaachia titi na kuhema. Zahanati walisema nimonia. Wakampa dawa, akapata nafuu, ikarudi, wakasema nimonia tena. Mama mkwe wangu akasema maziwa yangu ni mepesi. Nilikula karanga mpaka nikazichukia. Hakuna aliyekisikiliza kifua cha mtoto kwa utulivu mpaka alipofika miaka miwili, na bado hakuweza kutoka mlangoni hadi jikoni bila kukaa chini apumzike. Daktari mmoja wa mkoani ndiye aliyesikiliza, akarudia kusikiliza. Kisha akasema moyo una tundu, katikati ya vyumba viwili vya chini. Damu inakwenda kusikotakiwa na mapafu yanaelemewa.

Tukapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa kusubiri wageni. Wageni ni madaktari wa moyo kutoka Ulaya. Wanakuja mara moja moja, wanapasua watoto, wanaondoka. Kijiji chetu kizima, Misigiri, kilijua namsubiri Mzungu. Kanisani waliomba Mungu aongoze mikono ya Mzungu. Mume wangu alibaki kuvuna alizeti, mimi nikaondoka na mtoto mgongoni.

Wodini kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kintinku, mwanawe ameshapasuliwa. Siku ya kuamkia zamu yetu nilikuwa namsifia huyo Mzungu, mama wa Kintinku akanitazama kama anayenionea huruma.

"Wewe unadhani anayeshika kisu ni Mzungu? Mzungu anasimama upande wa pili wa meza. Anayepasua ni yule kijana."

Akanionyesha kwa kidevu. Nikamtazama huyo kijana anayepita na koti lake jeupe. Namfahamu. Kwao ni Kinampanda, lakini likizo zote alikuwa anakuja kwa shangazi yake pale kijijini kwetu, na mama mkwe wangu, wakati huo kwangu ni jirani tu, alikuwa anampa mbuzi achunge. Siku moja alikaa kusoma kitabu. Mbuzi wakaingia kwenye mtama wa watu, mmoja akaliwa na fisi. Kijiji kizima kilimcheka. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilicheka na wenzangu.

Nikampigia mama mkwe. Nikamtajia nani atakayepasua.

"Yule yule?" akauliza.

"Yule yule, mama."

"Mbuzi walimshinda, moyo ndio atauweza? Mwambie mbuzi wangu bado yuko kwake."

Halafu akaacha utani. Akasema nisikubali, nikae hapo hapo nimdai Mzungu, na kama Mzungu hataki nirudi na mtoto nyumbani. Mtoto mwenyewe nimempakata, mbavu zinapanda na kushuka.

Mchana yule daktari kijana akaja kunieleza mambo ya kesho. Alipoona kwenye faili tumetoka Misigiri akafurahi, akanisalimia kwa Kinyiramba. Nikamjibu kwa Kiswahili. Sikutaka undugu.

"Kesho nani anashika kisu?" nikamuuliza.

"Mimi, dada. Mwalimu wangu atakuwa mbele yangu."

"Umeshafanya wangapi kama huyu?"

Akasema ameshika sehemu ya kazi kwa wengi. Kuufungua mwili hadi kuufunga, yeye akiwa mkuu wa meza, alianza wiki hii. Mtoto wa Kintinku ndiye wa kwanza.

Nilimuuliza miaka yote hiyo alikuwa anasoma nini. Alivuta kiti akanieleza, na nitakuwa mkweli, hakunificha. Alimaliza udaktari hapa nchini, kisha akajifunza upasuaji wa kawaida, matumbo na mifupa. Kwa moyo ikabidi atoke nje. Alianza Ulaya, kwa huyu huyu mwalimu. Kule alisimama nyuma ya mabega ya watu akiangalia. Akibahatika, anaruhusiwa kuingia chumba kile, lakini mtoto haguswi. Sheria yao haimruhusu, kwa sababu hana leseni ya kwao. Jioni alikuwa anarudi chumbani kwake kushona mioyo ya nguruwe aliyokuwa akinunua buchani. Baadaye akapelekwa India. Kule wagonjwa ni wengi, meza hazipoi, na mwalimu wa kule hana maneno matamu, ukikosea anakupiga vidole kwa koleo la chuma mbele ya wote. Lakini alimpa kazi. Kwanza kufungua kifua tu. Kisha kufunga. Kisha kuunganisha mirija ya mashine inayopumua na kusukuma damu wakati moyo umesimamishwa. Alirudi nyumbani akiwa anajua vipande vyote, hajawahi kuviunganisha mwenyewe.

Mimi katika hayo yote nilikamata moja tu.

"Kwa hiyo mtoto wa Mzungu huruhusiwi kumgusa," nikasema. "Wa kwangu unaruhusiwa."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Hasira niliyoisikia siwezi kuipima. Kule watoto wamezungushiwa sheria, huku sisi tumezungushiwa shukrani, tunaambiwa tushukuru wageni wamekuja. Nikamwambia akamwite huyo mwalimu wake, nataka kusema naye uso kwa uso. Mama wa Kintinku akanivuta kanga, nikautoa mkono wake.

Mzungu akaja. Mrefu, mvi nyingi, macho ya mtu asiyelala vizuri. Hajui Kiswahili zaidi ya jambo na asante. Wa kutafsiri hakuwepo mwingine ila kijana mwenyewe. Sasa hapa kuna jambo ambalo hawakulijua. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza ndilo somo nililofaulu kuliko yote. Sikuwa nimelisema wodini kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Mwanamke wa kanga kutoka kijijini, wanamaliza kumsoma kabla hajafungua mdomo. Nikanyamaza nalo. Nikasema kimoyomoyo, ngoja nione huyu mchunga mbuzi atatafsiri nini.

Nikauliza kwa Kiswahili kama huyu kijana yuko tayari.

Mzungu alijibu kwa Kiingereza, maneno marefu. Nilisikia yote. Alisema mikono ya kijana ni safi lakini mizito. Kwamba yeye mwenyewe angemaliza mapema zaidi, na kadiri moyo unavyokaa umesimamishwa ndivyo hatari inavyoongezeka. Kwa tundu la namna hii, akasema, muda huo unavumilika. Akamalizia kwa sauti ya chini kwamba hilo la uzito si lazima mama aambiwe, litamtisha bure.

Nikamtazama kijana usoni, nasubiri.

Akageuka kwangu. "Anasema mikono yangu ni safi ila mizito. Yeye angemaliza mapema kuliko mimi, na moyo ukikaa sana umesimama si vizuri. Kwa tundu la mwanao anaona muda utatosha. Na anasema hilo la uzito nisikwambie. Nimekwambia."

Sikuonyesha usoni kwamba nilisikia yote. Nikauliza la pili: na yeye mwalimu, alijifunzia kwa mtoto wa nani?

Kijana akatafsiri vile vile, bila kulilainisha. Mzungu akavua miwani. Akasema alijifunzia kwenye hospitali ya watu wasiokuwa na uwezo, mjini kwao, na mama zao hawakuambiwa nani anashika kisu. Waliambiwa tu kwamba jopo la madaktari litamhudumia. Hata leo, akasema, akina mama wengi kwao hawaulizi, na wasipouliza hawaambiwi.

"Hawakuambiwa," kijana akanitafsiria. "Na wengi mpaka leo hawaambiwi."

Basi nikaelewa kwamba kila nchi ina mtoto wa kujifunzia, na ni mtoto wa mtu kama mimi. Hilo halikunituliza hata kidogo. Liliongeza. Lakini mbele yangu walikuwa wawili, mmoja mwepesi wa mikono ambaye angenificha, na mmoja mzito ambaye hakuficha hata lililomchafua mwenyewe. Tena mwepesi anapanda ndege. Mtoto akivuja damu baada ya hapo, Mzungu yuko kwao, na atakayeitwa ni huyu wa Kinampanda.

Nikamwambia kijana, "Utapasua wewe. Yeye asitoke mezani mpaka moyo upige wenyewe. Na ukitoka, uje wewe kunieleza, usitume nesi."

"Sawa, dada."

Mama mkwe niliacha kumpokelea simu.

Asubuhi walimchukua. Mtoto alilia mlango ulipojifunga, kisha nikawa sisikii kitu. Nilikaa kwenye benchi la korido na mama wa Kintinku. Wa kwake alikuwa ametoka kabla ya chakula cha mchana. Chakula cha mchana kikaja, kikapita. Mizito, nikawa nawaza, mizito, mizito. Watu wa usafi walipiga deki wakatuinulisha miguu.

Ndipo mlango ukafunguka akatoka Mzungu peke yake, na kikombe cha chai mkononi.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nilimfikia nikamuuliza kwa Kiingereza, ameacha nani na mwanangu. Alishtuka mpaka chai ikamwagika kwenye viatu vyake. Alinitazama, nikaona anarudisha mawazo nyuma hadi jana, neno kwa neno.

Akasema moyo umeshapiga wenyewe, alikaa na kuuangalia mpaka akaridhika. Kijana anafunga kifua. "Nilitaka kubaki," akasema, "yeye ndiye amenitoa. Amesema sasa namsumbua."

Kijana alitoka baadaye sana, alama za barakoa zimemkaa usoni. Alikuja mwenyewe. Akaanza kunieleza, nikamkatisha, nikamwamkia kwa Kinyiramba. Akacheka huku ameegemea ukuta.

Wageni wameshaondoka. Bado wapo watoto wodini, na kijana yuko peke yake na mikono yake mizito, na watakaomfundisha watakuja watakapopata nafasi. Hili linaniuma mpaka leo na sitaki mtu aniambie nishukuru.

Nilipofika Misigiri mama mkwe alimpokea mtoto, akamfungua kifua, akaufuata mshono kwa kidole bila kuugusa, juu mpaka chini.

"Ameshona vizuri," akasema. "Na mbuzi wangu?"

Mtoto akalilia titi. Nikakaa kwenye kigoda nikampa, nikaweka kiganja kichwani kwake. Alinyonya mpaka akalala, na kiganja kilikuwa kikavu.