Msuso si Uzembe

Kwenye ukuta wa chumba cha mafunzo, pembeni ya saa iliyokwisha betri, walibandika bango jipya. Juu kabisa, kwa herufi nene, liliandikwa neno la Shangazi.

"Msuso: hali ya donge kutoumuka, inayosababishwa na uzembe wa mkandaji."

Shangazi alilisoma mkoba ukiwa bado begani. Akalisoma tena. Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani ambacho wanaomfahamu hukikimbia.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani. Jina alipewa na wakandaji wenzake kwa ajili ya ulimi wake, likamganda kama unga mbichi kwenye kucha. Aliingia kiwanda cha mikate akiwa msichana wa kubeba gunia la ngano bila kuhema. Sasa bega la kulia lilikuwa limekataa kazi, na kulalia ubavu ule hakuthubutu. Kwa hiyo meneja, kijana mwenye adabu zake, alipomwambia kwamba atatolewa kwenye mashine awe mwalimu wa wakandaji wapya, alirudi nyumbani akiimba. Kazi ya kusimama na kusema tu, nani aikatae? Sharti lilikuwa moja: afundishe kama bango lilivyosema.

"Wewe yaseme tu hayo maneno yao," mdogo wake alimwambia jikoni, akimsugua bega kwa mafuta ya moto. "Funika kombe mwanaharamu apite. Bega lenyewe ndio hili, limekuwa kama la kuazima."

"Nikande, mdogo wangu, usinihubirie."

"Na hilo neno si ndilo walilokuwa wakikuchekea? Umesahau ulivyorudi hapa umevimba macho?"

"Sijasahau. Ila wakati ule walinicheka mimi, na mimi mdomo ninao. Sasa nikamfundishe mtoto wa watu ambaye hata harufu ya hamira haijui, kwamba mkate usipoumuka kosa ni lake? Wakandaji wawili wamesharudishwa nyumbani kwa kuambiwa wameleta msuso, neno langu mwenyewe. Aah! Hapo hapo, kwenye mfupa."

Kila karakana duniani ina lugha yake, na sehemu kubwa ya lugha hiyo huzaliwa kwenye masimango. Baadaye huja wenye kalamu, wakalipiga neno pasi na kulivalisha tai, hata waliolizaa wakikutana nalo njiani wasilitambue. Neno la Shangazi nalo halikuzaliwa kitandani.

Pale kiwandani palikuwa na desturi: donge likilala, mkandaji hukaa. Likishakandwa na kufunikwa kitambaa chenye unyevu, wanawake walipindua ndoo zao, wakakaa, wakanyoosha miguu mpaka liumuke. Hawakuwa wavivu. Mkandaji aliyesimama bila kazi hashindwi kulifunua donge, kulibonyeza, kulichungulia, na donge la kuchunguliwa hupoa.

Akaja msimamizi mmoja mwenye haraka zake. Alitaka mikate mingi kuliko jana, akaamuru ndoo zitolewe. Donge likitoka kwenye mashine, moja kwa moja kwenye mikebe, kisha tanurini. "Hapa si msibani," akasema, "watu wakae kitako!"

Shangazi alitoka nje, akarudi na ndoo yake, akaipindua mbele ya miguu ya yule bwana, akaikalia.

"Nimesusa."

"Kasusie kwenu!"

"Nasusia hapa hapa, unione vizuri."

Wenzake wakaogopa, wakaendelea na kazi. Mikate ikatoka bapa kama kandambili. Mwokaji akachukua mmoja, akaugonga mezani, ko, ko, ko, akapaza sauti: "Jamani, hata donge limesusa! Limemuiga Shangazi!"

Watu walicheka wakishika mbavu. Kila alipopita, mtu alimwuliza kama leo ameumuka. Lakini neno lilikuwa limeshapata miguu. Madereva wa magari ya mikate wakalipeleka madukani, wenye maduka wakaanza kusema "usiniletee msuso", na viwanda vingine vikalidaka. Kufikia siku wapima ubora walipoligawa neno mafungu, msuso mwepesi na msuso mzito, yule msimamizi alishaondoka zamani na ndoo zimesharudi. Sasa muda wa kulaza donge ulikuwa unakatwa tena, kidogo kidogo. Neno likabebeshwa mzigo wa kueleza kwa nini mikate haiumuki.

Siku ya mafunzo ilipofika, wakandaji wageni walijaa kwenye mabenchi, aproni zao zikiwa na mikunjo ya dukani. Meneja alikaa nyuma.

"Someni hapo juu," Shangazi aliwaambia.

Wakasoma kwa pamoja.

"Mmelisoma? Haya, litupeni. Msuso ni donge lililonyimwa kulala. Anayelinyima ni yule anayeharakisha kazi, na si wewe unayetumwa. Donge likilala, pindua ndoo yako ukae."

Meneja aliinuka. "Shangazi, si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana wewe, mwanangu. Mimi nilinyamaza."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Meneja hakukasirika, alionekana kama mtu aliyetumwa ujumbe asioupenda. "Bango limetoka makao makuu. Mimi siwezi kuligusa. Ukifundisha hivi nitalazimika kukurudisha kwenye mashine. Na bega lako unalijua."

"Nalijua kuliko wewe. Ila neno hilo nimelizaa mimi, tena kwa kutukanwa. Sitakubali litumwe kuwatukana wenzangu. Aproni yangu bado iko msumarini."

Akaenda kuichukua.

Kesho yake bango lilikuwa pale pale. Mwalimu mwingine alilifundisha neno kwa neno, kisha wageni wakaletwa kwenye mashine. Shangazi alikuwa akikanda kwa mkono wa kushoto, meno yamebanana. Donge la kwanza likalazwa, likafunikwa. Msimamizi wa zamu akapiga makofi: "Haya, haya, mikebe!"

Mmoja wa wageni, msichana mwembamba mwenye unga hadi kwenye nyusi, alitazama huku na huku. Akavuta ndoo, akaipindua, akakaa. Wa pili akamfuata, kisha wengine.

"Nyinyi! Mnafanya nini?"

"Donge limelala," msichana akajibu.

Shangazi ndiye aliyekaa mwisho, kwa kuwa bega lilimchelewesha kuipindua ndoo yake.